Kadi Sitini na Moja

Kazini tulikubaliana tusijuane. Shauri hilo alilitoa mama mdogo, lakini mimi ndiye niliyelifurahia zaidi, na aibu ya furaha ile haijanitoka mpaka leo. Nilipoandikwa karani katika kampuni ya kahawa pale Changamwe, miaka michache kabla ya Uhuru, yeye alikuwa amekwisha kukaa miaka kumi na mitatu kwenye sakafu ya gudauni lile lile, akichagua buni. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki. Nyumbani asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa chai na mkate wa mofa. King'ora cha saa moja kikilia, mimi niko juu katika afisi ya mbao, yeye yuko chini, na tukikutana mlangoni aliniita bwana karani na kunipisha njia.

"Wakijua u mwanangu," aliniambia, "nyapara atasema madebe yangu yapimwa kwa huruma. Wewe shika kazi yako, nami nishike yangu."

Nikashika yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, tai mbili na baiskeli moja, na sikuona vibaya kupishwa njia na mtu mzima.

Kazi ya wanawake ilikuwa kukaa juu ya magunia yaliyokunjwa, uteo mbele, na kutoa buni nyeusi, zilizovunjika, na vijiwe vilivyokuja na treni kutoka bara. Safi zilimiminwa debeni, debe likijaa likabebwa mpaka kwenye mizani, na nyapara akatia alama kwenye kadi ya mwenyewe. Wanaume walibeba magunia, wakayashona, wakayapanga, wakalipwa kwa siku. Wanawake walilipwa kwa debe. Bei ya debe haikuwa imeguswa tangu vita vya Mjerumani, na wanawake walikuwa wakidai iongezwe senti tano.

Mama mdogo alizitaka senti tano zile kuliko wenziwe wote, kwa sababu macho yalikuwa yakimwisha. La kushoto lilikwisha kuingia utando. Buni iliyovunjika aliijua kwa ncha ya kidole, lakini nyeusi haijulikani kwa kidole, na kila nyeusi iliyokutwa debeni ilikatwa fedha. Hesabu yake aliifanya bila kalamu: bei ikipanda, nyumba itaweza kula bila yeye, naye baada ya Ramadhani asirudi tena sakafuni.

"Nikipumzika mwaka huu n'tabakiwa na la kunitosha kusomea," alisema siku moja, akikusudia msahafu wake. "Nikingoja mwaka wa pili mtanishika mkono kunipeleka chooni."

Alisema akicheka. Binti yake, ninayemwita dada, alitoka akaenda uani.

Sasa lazima niseme habari ya kadi, kwa kuwa bila hiyo hamtajua nilifanya nini. Kadi ya mwanamume ilikuwa ya mwanamume mmoja. Kadi ya mwanamke ilikuwa kikoa. Wanawake wa kwetu hula kikoa tangu zamani, leo mmoja apikie wote, kesho mwenziwe, na walipoingia gudauni waliingia na desturi yao. Jina lililoandikwa lilikuwa moja, lakini waliouzunguka uteo walikuwa wawili, watatu, pengine wanne. Aliyejifungua akakaa arobaini, nduguye alikuja kukaa mahali pake. Aliyefiwa na mume akaingia eda, miezi minne na siku kumi haonekani nje, wenziwe walimjazia madebe na sehemu yake wakampelekea ndani. Wanawake wa Kikristo waliotembea kutoka Miritini na Rabai hawakuwa na eda, lakini walikuwa na mashamba, na mvua zikinyesha waliwaacha binti zao kwenye kadi wakaenda kupanda mahindi. Kulikuwa na majina kwenye daftari langu ambayo wenyewe hawakuwa wametia mguu gudauni mwaka mzima.

Kampuni haikupenda kutoa kadi nyingi, kwa kuwa kila kadi ni jina na kila jina siku moja huja kudai. Ilichotaka ni madebe. Nyapara alijua, akanyamaza, maana madebe yalijaa. Sisi makarani tuliona kadi tu.

Kwenye kadi ya mama mdogo walikuwa yeye, dada, na mjane mmoja Mkristo wa kutoka Rabai aliyepanga chumba chetu cha uani. Mjane huyo ndiye aliyekuwa na macho. Mama mdogo alipitisha uteo kwanza kwa vidole, dada akafuata, mwisho mjane akaokota nyeusi zilizobaki. Walikuwa hodari. Kadi yao iliongoza kadi zote za wanawake.

Chama cha wafanyakazi kilipotishia mgomo, serikali ikamleta afisa wa kazi, Mzungu kijana ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kibichi kama vidonda vya sindano za safari mkononi mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza pande zote, kisha akaandika barua fupi: kampuni itengeneze jedwali la mishahara ya mwezi uliopita, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, ionyeshwe kila upande hupata kiasi gani kwa siku. Pengo likiwa kubwa, bei ya debe itapanda. Likiwa dogo, mambo yatabaki yalivyo na wanaume watazungumziwa peke yao. Kila mtu gudauni aliyajua masharti hayo kabla ya saa sita mchana.

Meneja alinipa mimi kazi hiyo akawapita makarani wawili walionitangulia. Nilikuwa nikisoma hesabu za biashara kwa masomo ya posta, naye aliwahi kuniona na kitabu changu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisifiwa mara moja, siku ya Jumatatu, na langu lote nililitia maji wiki hiyo.

Nilipewa meza peke yangu na mashine ya hesabu ya kuzungusha mkono. Nikazipanga kadi: za wanaume kushoto, za wanawake sitini na moja kulia. Nikajumlisha upande wa wanaume nikagawa kwa idadi yao na kwa siku za kazi, nikapata shilingi tano. Upande wa wanawake nikapata shilingi nne na thumni, yaani nne na nusu. Nikarudia, nikapata vile vile.

Nilikaa nikazitazama nambari zile. Tangu nianze kazi nilisikia kwamba wanawake wanalipwa nusu ya wanaume, na mwenyewe niliiona nyumba yetu ilivyokula. Sasa mashine inaniambia tofauti ni thumni. Haikunichukua muda kujua sababu. Nilizigawa fedha za wanawake kwa kadi sitini na moja, na kadi hazikuwa wanawake. Jambo hilo mtoto angeliona, na mimi sikuwa mtoto. Natamani niseme kwamba nililiona baadaye, kwa sababu kosa la kutojua husameheka. Nililiona siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana, na mkono wangu ukiwa bado juu ya mashine.

Alasiri nilikwenda nyumbani nikamkuta mama mdogo ametoka kusali, bado amekaa juu ya mkeka.

"Mko wangapi kwenye kadi?" nikamwuliza, kana kwamba sijui.

"Kadi ni moja."

"Nauliza watu."

Aliniangalia kwa lile jicho la kulia. "Mwanangu, sikiza. Hilo usiliandike. Ukiandika watu watatu, kesho wataniuliza wawili hawa ni nani na nani aliwaingiza. Huyu wa Rabai hana pa kwenda. Na kuna wenzetu walio ndani ya eda. Wataka majina yao yasomwe mbele ya Wazungu? Andika kadi. Kadi twaijua sisi."

"Na senti tano?"

"Senti tano twadai kwa debe. Debe ni debe, likijazwa na mmoja au na kumi. Yahusiani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mama mdogo alijua nusu ya jambo na mimi nilijua nusu zote mbili. Ilikuwa nimweleze kwamba afisa hatatazama debe, atatazama pengo, na kwamba kadi ya watu watatu ikihesabiwa mtu mmoja pengo hufa. Angenifahamu. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mimi. Pengine angekwenda kwa wenziwe, wakakaa wakashauriana, wakaamua wenyewe lipi la kuficha na lipi la kutoa. Lakini nilichoka, nilikuwa na njaa, na neno lake lilinifaa. Aliniambia niandike kadi, basi nitaandika kadi. Nilisema, "Hewallah, mama," nikala wali wangu.

Kesho yake meneja alilitazama jedwali akakunja uso. Kwake yeye thumni ilikuwa nyingi. Alisema chama kitaikamata thumni ile na kuipigia kelele mpaka bandarini. Hakuniambia nibadilishe kitu. Hilo naliandika kwa haki yake, maana kwa miaka mingi niliwahadithia watu kwamba nilishurutishwa, na nilikuwa mwongo.

Mimi ndiye niliyesema. Nilimweleza, na sauti yangu naisikia mpaka sasa ilivyojipamba, kwamba wastani wa kujumlisha na kugawa una ila yake. Upande wa wanaume wamo manyapara watano wenye mishahara minene, na hao watano huwapandisha wote. Ukitaka kumwona mtu wa kawaida, nikasema, wapange wote kwa mstari kuanzia wa chini mpaka wa juu, kisha mtoe aliyesimama katikati. Kitabu changu cha posta kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo. Nikazipanga kadi mbele yake mezani, nikatoa ya katikati ya wanaume: shilingi nne na senti sitini. Nikatoa ya katikati ya wanawake: nne na thumni, kama wastani wao. Pengo lilikuwa limebaki senti kumi.

Meneja alitoa mfukoni sarafu ya senti kumi, ile yenye tundu katikati, akaiweka juu ya jedwali langu. "Hii tu?" akasema kwa Kiswahili. Akanishika bega.

Hesabu ile ilikuwa sawa, na ndiyo maana inaniudhi. Mpaka leo nikimpa mwalimu yeyote kadi zile atapata majibu yale yale. Nilikuwa nimejifunza namna ya kumtafuta mtu wa katikati, nikamtafuta kwa bidii upande wa wanaume na wa wanawake, na upande wa wanawake aliyesimama katikati hakuwa mtu.

Mkutano ulifanywa Ijumaa asubuhi katika chumba cha kuonjea kahawa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na meza kubwa. Alikuwapo afisa, meneja, mjumbe wa chama aliyetoka kisiwani, mtu wa maneno mengi ambaye maisha yake hajawahi kushika uteo, na mimi na jedwali langu lenye mstari wa wino mwekundu katikati. Afisa alilisoma mara mbili. Akauliza kama ni kweli kwamba wanawake wanakaribiana hivi na wanaume. Mjumbe akapiga meza akasema ni uongo, lakini alipoulizwa uongo uko wapi hakujua. Meneja akasema hakuna haja ya kubishana. Akainua kadi moja.

"Huyu," akasema, "hupata shilingi nane kwa siku. Humpita nyapara. Na aitwe."

Kadi niliijua kabla hajaigeuza.

Mama mdogo akaingia na buibui lake lenye vumbi la kahawa, viatu ameviacha nje. Alisalimu. Hakuniangalia, kwa kuwa hatukujuana. Afisa alimkaribisha kiti, akakataa. Kisha afisa akamwuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, na kwa adabu: kadi hii ni yake?

"Ni yangu."

"Madebe yote haya unajaza wewe?"

Niliona vidole vyake vikienda ndani ya buibui kana kwamba vinapitia buni. Sijui nini kilimpitia. Huenda alifahamu pale pale ni nini kinachofanyika kwa kadi yake, maana kadi ilikuwa mkononi mwa meneja na jedwali lilikuwa wazi mezani, na alikuwa mwanamke asiyehitaji kuelezwa mara mbili. Akiitikia naam, anawauza wenziwe wote. Akisema si mimi peke yangu, anawatoa dada na mjane mbele ya mwenye mali. Ndipo akageuka akaniangalia, mara ya kwanza tangu nianze kazi kuniangalia mbele ya watu.

"Muulizeni bwana karani," akasema. "Yeye yuajua. Ndiye mwenye hesabu."

Alinipa. Kitu alichonikataza kukiandika Jumatatu, Ijumaa alinipa nikiseme, nami ndiye niliyesoma, ningejua namna ya kukisema bila kumtaja mtu. Ingetosha kusema, bwana afisa, kadi za wanawake kwa desturi ya hapa si za mtu mmoja, jedwali hili ligawanywe upya. Maneno yasiyofika ishirini. Hakuna ambaye angefukuzwa kwa maneno hayo, isipokuwa labda mimi.

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Kadi moja, jina moja."

Afisa akaandika. Mama mdogo akaomba ruhusa, akatoka kinyumenyume kama walivyotoka watu wa adabu zamani, akavaa viatu. Mjumbe wa chama alinikodolea macho, kisha akaanza kuzungumzia wanaume.

Wanaume waliongezwa. Bei ya debe ilibaki pale pale. Hayo nilikuwa nimeyatarajia, na nilikuwa nimekwisha kujiandalia maneno ya kujitetea. Nisilolitarajia lilikuja wiki ya pili. Meneja, aliyekuwa hajawahi kuzitazama kadi za wanawake kwa makini mpaka mimi nilipompangia mezani, sasa alizitazama, na shilingi nane zikamsumbua. Likabandikwa tangazo mlangoni: kadi moja, mtu mmoja. Askari akawekwa getini kuwahesabu wanaoingia. Maneno yalikuwa yangu, ila jina limegeuzwa mtu.

Asubuhi ile nilikuwa juu dirishani. Niliwaona wanawake wamejazana getini na teo zao, askari akiita jina, mmoja akiingia na wawili au watatu wakibaki nje. Wengi wa waliobaki nje walikuwa wasichana. Mjane wa Rabai alibaki. Dada alibaki. Alimpa mama yake uteo, akamtengenezea buibui kichwani, na mama mdogo akapita getini peke yake, mkono umetangulia mbele kidogo kutafuta kizingiti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimeuona mzigo ule kila siku nikauona mwepesi.

Mjane alirudi kwao kushona makuti. Dada akaanza kufua nguo za watu. Mama mdogo akakaa sakafuni na jicho moja, akijaza debe lake kwa kutwa, na nyeusi zilizompita zikakatwa. Ramadhani ilikuja ikapita, naye akarudi kazini. Mimi nilipandishwa, nikapewa kiti chenye mikono.

Nyumbani hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, mimi ni mtu wa hasira, najua la kufanya na ugomvi. Aliniamsha, akanipa chai, akaniitikia marahaba. Siku moja nilipomwambia kwamba yeye ndiye aliyenikataza kuandika, alisema, "Kweli, nilikukataza," akaendelea kukuna nazi. Nilitoka nyumbani kwa baiskeli nikaenda mpaka Miritini bila ya kujua naenda wapi.

Kule Miritini nilimkuta mama mmoja niliyemjua kwa jina la kadi tu. Alikuwa barazani kwake anapepeta mahindi. Nilishuka nikamsalimu, nikamwuliza, kwenye kadi yake walikuwa wangapi. Akasema, wanne, na akanitajia mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kila Jumapili, kwa miezi, nilizunguka Changamwe, Miritini na njia ya Rabai na daftari la shule. Nyumba nyingine nilifukuzwa, na walikuwa na haki. Wanawake wengine walinicheka: karani amekuja kuhesabu maiti. Lakini walinijibu. Sikuandika majina, niliandika vichwa tu. Kadi sitini na moja zilikuwa na wanawake mia moja na arobaini. Niliporudi kwenye mashine na kuzigawa fedha zile zile kwa vichwa, kila mwanamke alikuwa akipata chini ya shilingi mbili, na mwanamume tano. Nikaliandika jedwali la pili kwa mwandiko wangu bora, mstari mwekundu katikati.

Kisha nikaliweka sandukuni, kwa sababu niliogopa. Nilikuwa na kiti.

Lilikaa sandukuni mpaka bendera ilipobadilishwa. Siku zile watu wa kwetu walikuwa wakibishana kila baraza ni bendera gani ipandishwe pwani, na wengine hawakusemezana tena, lakini nilipoona kwamba mambo yamekwisha na afisi zimepata watu wapya nilijipa moyo. Nikavaa tai nikalipeleka jedwali kwa afisa mpya wa kazi, Mwafrika mwenzangu, kijana wa rika langu. Alilisoma kwa uangalifu. Akauliza swali moja: hawa wanawake wengine, zaidi ya sitini na mmoja, wana kadi?

"Hawana. Ndiyo habari yenyewe."

"Basi si wafanyakazi, ndugu yangu. Siwezi kugawa mshahara kwa watu wasiofanya kazi." Akanirudishia karatasi yangu, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kufanya kazi serikalini.

Nililileta nyumbani. Mama mdogo wakati huo alikuwa hatoki tena. Jicho la kulia nalo lilikwisha, na msahafu uliwekwa juu ya kabati kwa kuwa hakuna wa kuufungua. Nilikaa mkekani mbele yake, nikamwambia yote, tangu mashine mpaka senti kumi mpaka maneno niliyosema chumba cha kuonjea. Nikamwambia nimeihesabu upya. Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Nilimweleza kwa vipande vya mhogo vilivyokuwa sahanini: fedha zote rundo moja, ukagawa kwa wangapi. Alifahamu mara moja, kama nilivyojua angefahamu tangu Jumatatu ile. Akanitaka nisome kadi moja moja, nikasoma, naye kwa kila moja akatikisa kichwa au akaguna, maana wote aliwajua. Nikafika yake.

"Yangu umeandika wangapi?"

"Watatu. Wewe, dada, na mjane."

"Umekosea," akasema. "Tulikuwa wanne."

Nikamwuliza wa nne ni nani. Nilifikiri kuna mtu aliyekuwa ndani ya eda ambaye sikumjua.

"Miaka minane kadi ile ilitoa sehemu nne kila mwisho wa juma. Moja yangu, moja ya mwanangu, moja ya yule wa Rabai, na moja ya karo. Mwenyewe hakushika uteo, alikuwa skuli. Lakini alikula kikoa, na mla kikoa huhesabiwa." Alinyoosha mkono akaipapasa karatasi mpaka akaupata wino mwekundu, ambao nilikuwa nimeukandamiza sana. "Huu ndio mpaka wenu? Watu waume kule, watu wake huku?"

"Naam, mama."

"Haya. Mwandike wa nne. Utamtia upande gani?"

Alingoja jibu kweli, uso umeelekea niliko. Nikatoa kalamu, nikaifungua, nikaishika juu ya karatasi. Dada aliingia na sufuria ya chai akanikuta nimekaa hivyo, wino umedondoka juu ya mstari.